Uso wa Kijani wa Mkurugenzi

Jumamosi, 4 Mei
Darasa la kwanza la uchoraji. Mwalimu amesema sura za watu hujifunzwa kwa kunakili mabingwa wa kale. Nimepewa jaji wa karne zilizopita: mashavu tele, wigi hadi mabegani. Kumtazama vizuri, moyo ukaruka. Mkurugenzi wetu kabisa! Nikiondoa wigi na kuongeza miwani, hata mkewe ataiamkia picha. Sherehe ya ofisi ni Ijumaa, na cheo cha mkuu wa masijala ki wazi. Jirani yangu wa meza ofisini, Kalamu Nne (zote mfukoni, hakuna inayoandika), anakimezea mate. Shauri yake!

Jumapili, 5 Mei
Kumbe tabaka la kwanza la uso hupakwa kijani. Rangi ya ngozi huja juu yake, kikishakauka. Wiki nzima! Nilimweleza mwalimu kwamba mimi ni mtu wa ratiba. Akajibu kwamba rangi ya mafuta haisomi ratiba. Mama mkwe, anayekaa nasi, alichungulia akauliza mgonjwa huyu kalazwa wapi. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ni jaji. Akasema basi hukumu zake zimemrudia.

Jumanne, 7 Mei
Haikauki. Nikapata wazo: pasi! Nilitandika shuka juu ya turubai, nikapitisha pasi taratibu, moto mdogo. Uso wote ukahamia kwenye shuka, pua na kidevu. Shuka la mama mkwe! Mke wangu akauliza nilifikiri kwa kutumia kiungo gani. Msanii hajibizani. Nimepaka kijani upya.

Alhamisi, 9 Mei
Maji yamefika shingoni. Nimepaka rangi ya ngozi bila kusubiri. Kila nikiongeza wekundu, kijani kinapanda. Shemeji, mdogo wa mke wangu, kasema, "Shem, huyu hata akizikwa atachipua." Wivu tu. Taa ikizimwa anapendeza. Nimefuta wigi, nimeweka miwani.

Ijumaa, 10 Mei
Nikafunua kitambaa mbele ya ofisi nzima. Mkurugenzi, aliyetoka hospitali mwezi uliopita, akaniuliza kwa sauti ndogo kama daktari ameniambia jambo alilomficha yeye. Kisha akaligusa shavu. Bado bichi! Kwa mkono huohuo akampongeza Kalamu Nne: mkuu mpya wa masijala. Sasa Kalamu Nne ana kiganja cha kijani na cheo juu. Mimi nahamia stoo Jumatatu. Picha inatangulia.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa si langu, ni la mafuta. Dawa ni plasta, ule unga mweupe wa kukoroga na maji! Unampaka mtu usoni, inakauka papo hapo, unabandua, una sura yake kamili. Mkurugenzi akiona sanamu yake mwenyewe, stoo nitaiaga. Mwalimu ameonya kwamba plasta hung'ang'ania nywele, sharti mtu apakwe mafuta kwanza. Mafuta tena! Nimemwambia sisi tumeachana nayo. Kabla ya mkurugenzi nahitaji uso wa majaribio, uliotulia. Mama mkwe amelala chali sebuleni, usingizi wa pono. Nyusi zake nene zitatoka vizuri sana. Plasta nimeshakoroga.