Mngurumo wa Wufa na Mbio za Nelly

Watu wangu, leo nimejichoma, aibu tupu. Hapa mtaani West Indies, mchana kweupe, mbele ya wapangaji wa ploti nzima. (Si kwa stima. Heri ingekuwa stima.)

Wufa yangu, ile spika kubwa ya besi, imekuwa ikinguruma tangu niilete nyumbani. Hata bila muziki: mmmmmmm. Kama ng'ombe anayeota ndoto mbaya. Mke wangu, Rael, alisema niite fundi. Fundi wa nini? Mimi niliwahi kufungua pasi na kuifunga. (Haikuwaka tena, lakini ilifungika.)

Leo Rael akabeba thermos ya chai, akasimama mlangoni. "Baba Ivy, twende kwa Mama Nelly. Mbio zinaanza."

Mama Nelly anakaa ghorofa ya chini. Binti yake alikuwa anakimbia mita elfu kumi huko ng'ambo, mara yake ya kwanza kuonyeshwa kwa TV, na ploti yote ilishajaa kwa sitting room ya mama yake.

"Tangulia. Nimalizane na hii kitu kwanza."

"Usiguse waya hujui."

"Rael, mimi ni mwanaume."

(Hata mimi sijui hilo lilikuwa jibu la nini.)

Nikazima TV. Mmmmm. Nikazima friji. Mmmmm. Nikabadilisha soketi, nikachomoa chaja zote. Mmmmm! Nikaongeza sauti ndio nisikie inatoka wapi. Madirisha yakaanza kutetemeka. Hapo ndipo nikauona: waya mnene wa antena. Unatoka kwa paa, unaingia kwa kidude fulani nyuma ya TV yangu, hapo unagawanywa, unashuka kwa majirani wote. Mwenye ploti aliuweka kwangu kwa sababu niko juu kabisa. Hayo yote nayajua. Leo yalinitoka.

Nikachomoa.

Kimya.

Kimya kitamu, jamani! Nilikimbia nje kwa varanda, mikono juu, nikapiga nduru: "Tumeshindaaa! Tumeshinda!"

Sasa elewa kilichokuwa kinaendelea chini. Mzunguko wa mwisho. Nelly yuko na wale wa mbele. TV inakuwa nyeusi. Watu wanaigonga, wanalia, mwingine anashika kichwa. Halafu wanasikia jirani wa juu anatangaza ushindi, kama mtu ambaye TV yake bado inaonyesha. Nani angefikiria ni wufa?

Vigelegele vikalipuka. Watu wakamwagika nje. Nikashuka, nikiamini kwamba ule mngurumo ulikuwa unawasumbua hata wao. Nikabebwa juu juu! Mama Nelly akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kumpokea mshindi, alichomwekea binti yake, akaninywesha mimi kwanza, kwa kuleta habari njema. Nikanywa. (Mtu akikupa maziwa, unaanza kuuliza maswali?) Nilikuwa natafuta maneno ya kuwashukuru.

"Sasa tuambie, Baba Ivy," Mama Nelly akasema, machozi yakimtoka. "Alimpita yule wa kwanza wapi?"

"Nani?"

"Nelly!"

"Kwani Nelly amefanya nini?"

Walionibeba wakaniweka chini. Si polepole.

Rael akanitazama. Akatazama nyumba yetu huko juu. Akanitazama tena. "Umechomoa nini?"

Kabla nijibu, simu ya Mama Nelly ikalia. Akaiweka kwa spika. Nelly mwenyewe, akihema: "Mama! Namba tatu! Nimepata medali! Umeniona nikimaliza?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ifunguke hapo hapo karibu na kamba ya nguo.

"Nimekuona, mwanangu," Mama Nelly akasema, macho yakiwa kwangu. "Nimekuona vizuri sana. Tumejivunia wewe."

Akakata simu. Akanyoosha mkono.

"Rudisha kibuyu."

Nikarudisha. Nikapanda ngazi mwenyewe, midomo ikiwa bado nyeupe kwa maziwa ya Nelly.

Kama unakaa ploti yetu na unasoma hii, nakuomba kitu kimoja: kesho tukipatana kwa ngazi, usinipongeze.