Kihispania kwa Njia ya Mkato

Jumatatu, 4 Februari

Mwezi wa tatu katika nyumba hii ya malezi na bado nanyambulisha vitenzi. Nilivuka bahari nije kuwa mmisionari. Badala yake nimeketi kwenye dawati la mtoto, magoti karibu na kidevu, nasema: mimi nala, wewe wala, yeye ala. Mwalimu wetu, mjane mwenye chaki mpaka kwenye miwani, anadai nina haraka ya mtu anayevaa viatu kabla ya soksi.

Tuko wawili kutoka nyumbani, mimi na Kasuku. Jina hilo nimempa mimi. Akisikia neno mara moja analitoa kama wenyewe, tena kwa kutumia pua kidogo. Kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha. Asubuhi sokoni alinitangulia, nikamwita kwa sauti, "Kaka, kaka." Watu wakageuka. Mama mmoja akamkagua mwanawe nepi. Kasuku akarudi mbio kunieleza kwamba kwa lugha ya huku hicho ndicho kinachopatikana ndani ya nepi, akaniomba kuanzia leo nimwite kwa jina.

Mchana Baba Mlezi, padre mzee anayetuandaa, katoa tangazo. Jumapili mmoja wetu, atakayemchagua yeye, atasema neno baada ya misa kwenye parokia ya mtaani. Akifanya vizuri, ndiye atakayeenda misheni ya milimani mwezi ujao. Mwingine atabaki na vitenzi hadi mwisho wa mwaka.

Miguu ikaanza kuniwasha pale pale. Supu sikumaliza.

Jioni Mama kapiga simu. Kauliza kama nimeshaanza kuhubiri. Nimemwambia naanza Jumapili. Kasema atawakusanya akina mama wote wa jumuiya, waweke simu mezani, wanisikilize. Basi. Sina pa kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Februari

Nimepata dawa. Lugha nzima ya nini? Ninahitaji hotuba moja tu. Nitaimeza kama kidonge.

Kona ya mtaa kuna kinyozi asiyefunga mdomo. Nimeketi kwenye kiti chake, nikaweka mkono kifuani, nikamwonyesha mbinguni, nikasema yale maneno machache niliyo nayo: upendo, moto, safari, moyo. Kaelewa haraka mno. Kafumba macho, kaanza kusema taratibu, maneno yanatiririka, sauti inatetemeka. Sikushika maana ila nilisisimka hadi shingoni. Nikarudia nyuma yake sentensi kwa sentensi huku mkasi ukilia.

Kasuku yuko bafuni anafanya mazoezi ya kuzungusha herufi r chini ya maji baridi. Namwonea huruma.

Alhamisi, 7 Februari

Kwa kinyozi mara ya tatu. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kukaa kwenye kile kiti bure. Jana aliondoa nywele zote zilizobaki. Leo ndevu. Kesho sijui tutafanya nini, zimebaki nyusi.

Zamu ya jikoni ilikuwa yangu, na hotuba haijakaa sawa kichwani. Nikamwendea mpishi, mama mmoja mnene mwenye mikono ya mjenzi, nikamwambia kwa Kihispania safi kwamba nimechoka. Kisu chake kikasimama hewani. Akauliza jambo refu. Nikanasa neno moja, "cuántos", ngapi. Nikaona anauliza saa nilizolala. Nikainua vidole vinne na kutikisa kichwa kwa masikitiko.

Akafanya ishara ya msalaba. Akaninyang'anya viazi, akanisogezea kiti, akanikatia mkate. Machozi yalimlengalenga.

Mwezi wa tatu huu, kumbe lugha nimeishika kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 8 Februari

Watu wa nyumba hii wamebadilika. Mpishi ananiongezea nyama. Mtunza bustani kanivulia kofia. Mwalimu hakunikaripia hata nilipokosea kitenzi cha kula. Kanipapasa bega, kageukia ubao. Kila mtu ananiuliza kitu kwa sauti ya chini na mimi nawajibu "sí", yaani ndiyo. Hakuna neno tamu katika lugha hii kama hilo. Linafungua kila mlango.

Mchana dobi kaniletea mfuko wa nguo za watoto, zimepigwa pasi vizuri. Nikadhani ni msaada kwa ajili ya milimani. Kwa hiyo wameshajua nani ataenda! Nimemshukuru sana. Nimeuweka mfuko chini ya kitanda, Kasuku asije akauona akakata tamaa kabla ya Jumapili.

Nyusi nimekataa zisiguswe. Kinyozi kanipaka mafuta kichwani tukaendelea.

Jumamosi, 9 Februari

Siku ya kusahau.

Baba Mlezi kaniita ofisini. Aliwahi kuishi kwetu miaka mingi, Kiswahili chake hakina dosari. Akafunga mlango, akavua miwani.

"Mwanangu, kuna jambo umenificha?"

Nikajua mara moja. Kuna mtu kanichoma kuhusu kinyozi. Nikaona heri niseme mwenyewe.

"Ni kweli, Baba. Nakwenda kwake kila siku baada ya chakula."

Akashika ukingo wa meza. "Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na mnafanya nini huko?"

"Ananishika kichwa tu, Baba. Ananiambia maneno ya upendo, nami nayarudia."

Akavaa miwani tena. Kisha kwa sauti ya mtu anayeugua akauliza kama ni kweli kuna watoto wanne.

"Watatu, Baba. Wa nne yuko njiani."

Rangi yake ilinitisha. Akasema vijana wanaojiandaa kuweka nadhiri ya kutooa hawaji hapa wakiwa na familia ya kificho. Akasema nitarudishwa nyumbani kwa ndege ya wiki ijayo, tena kwa huruma, ili wale watoto wawe na baba. Nikauliza watoto gani. Akasema wako. Nikasema ni wa kinyozi. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi.

Akaitwa mpishi. Akaitwa Kasuku anitafsirie, maana Baba alikuwa amechoka kunisemesha. Mpishi akarudia maneno yangu ya Alhamisi, na Kasuku akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Kumbe "cansado" ni kuchoka. "Casado" ni aliyeoa. Herufi moja tu! Nilimtangazia mpishi kwamba nina mke, akauliza watoto wangapi, na vile vidole vinne vikamalizia. Baba Mlezi akageukia dirishani akakaa huko muda mrefu, mabega yanamtikisika.

Nilipokuwa natoka niligundua kwamba Kasuku alitafsiri yote kwa mnong'ono. Sauti imemkauka. Yale maji baridi. Jumapili hawezi.

Baba Mlezi kaniangalia kama mtu anayeangalia dari inayovuja. Kasema basi nitasema mimi: jina langu, ninakotoka, asante, nikae chini. Nimeitikia. Dobi ameomba arudishiwe nguo za watoto.

Jumapili, 10 Februari

Kanisa limejaa. Simu mfuko wa shati, Mama na jumuiya nzima hewani. Kinyozi kiti cha mbele na mkewe na watoto wake, amevaa tai.

Nikasema jina. Nikasema ninakotoka. Ilikuwa nishukuru nikae. Lakini wananiangalia, mamia ya watu, na miguu haitulii, na hotuba imejaa kooni. Nikaiachia.

Sentensi ya kwanza, wakatabasamu. Ya pili, akina mama wakaanza kujipepea. Nikafumba macho, sauti ikatetemeka kama nilivyofundishwa. Ya tatu, mzee mmoja nyuma akaimba pamoja nami. Halafu mkewe. Halafu safu nzima. Nilipofumbua macho kanisa zima limesimama linaimba, kinyozi analia, na mpiga kinanda ameshaukamata wimbo.

Kasuku kanieleza baadaye. Ni wimbo wa mapenzi, kila mtu wa rika fulani hapa aliucheza siku ya harusi yake. Mwanamume anamwambia mpenzi wake kwamba bila busu lake yeye ni treni isiyo na reli. Kuna ubeti kuhusu nyonga. Niliusema wote.

Mfukoni vigelegele havikukoma. Mama alipopata nafasi ya kusema alikuwa analia. "Wamekupokea, mwanangu. Siku ya kwanza tu na umewaimbisha kanisa zima."

Nikamwambia ni neema.

Jumatatu, 11 Februari

Kasuku ndiye anaenda milimani, sauti ikirudi. Mimi nabaki hadi mwisho wa mwaka. Tena kila asubuhi jikoni, namenya na mpishi ananisemesha, na siruhusiwi kujibu "sí" mpaka niseme nimeulizwa nini. Baba Mlezi hakufoka. Kasema nina moto wa kutosha, ila masikio yamefungwa. Nisikilize kwanza. Ndipo niseme.

Nimekaa kitandani nikimtazama Kasuku anakunja mashati. Nilitaka kumchukia vizuri, lakini alikuwa anakunja shati moja mara tatu. Kwa mnong'ono kasema anaogopa. Watu wanamwelewa kila neno, kasema, na hakuna aliyewahi kusimama akaimba naye. Nimemkunjia mengine.

Halafu nikalala nikitazama dari. Mwaka mzima. Viazi.

Jumatano, 13 Februari

Habari njema kabisa.

Asubuhi mpishi kazungumza mfululizo na mimi nimesikiliza, kama nilivyoagizwa. Nusu nimeielewa. Nusu hiyo inatosha: milimani wazee hawatumii Kihispania. Wana lugha yao. Maana yake Kasuku naye anaanza sifuri, na atakayefika na lugha ile mdomoni ndiye watakayemhitaji. Viazi vimenishuka mikononi.

Nimeulizauliza. Fundi viatu wa mtaa wa nyuma anatoka huko huko. Baada ya chakula nimempelekea viatu vyangu, ingawa havina ubaya wowote, kang'oa soli zote mbili. Nikamwomba kwa ishara sentensi moja nzuri ya kumpa heshima mzee. Kafikiri kidogo, kamwita jirani yake asikilize, kanifundisha. Wamecheka sana wote wawili, inaonekana ni watu wachangamfu. Nimeirudia njiani peku mpaka nyumbani, imekaa sawasawa.

Kesho kwenye chai, askofu atakapokuja kumbariki Kasuku, nitasimama mbele ya wote na kumwambia askofu hiyo sentensi kwa sauti.

Maana yake nitauliza baadaye.