Kijiko cha Lomoro

"Onja wewe kwanza!"

"Mama, nimeonja asubuhi nzima!"

"Umeonjea wengine. Mimi niko mutu mwingine. Onja!"

Lomoro akalamba. Angefanya nini? Arua hii, mutu akikupa kitu ya kunywa bila kuonja mbele yako, unajua iko sumu ndani. Kila mteja pale soko ya Oli alimwonjesha, na kijiko iko moja tu: inatoka mdomo ya huyu, inaingia kwa Lomoro, inakwenda kwa yule. Na mvua ilikuwa imeshika, nusu ya mji wanakohoa.

Dawa yenyewe aliyouza, ya kuzuia mafua, ilikuwa sukari guru, pilipili na maji ya mto. Lomoro aliiita Kinga ya Jeshi.

Mama huyo aliyemlazimisha, muuza chai anayeitwa Afisa, akasukuma kijiko nyuma.

"Sasa sitaki. Umelamba mafua ya Oli yote. Ugonjwa hii inapita kwa mate, kwa chafya, kwa mikono. Mtoto yangu alileta kutoka shule, nyumba nzima ikalala chini."

"Dada, mafua inaletwa na upepo ya Zaire. Wewe chemsha chai."

Wateja wakacheka, wakaendelea kulamba. Watu gani hawa!

Lomoro hakujali. Kule mji ya Koboko, Haji Sulaimani mwenye duka alikuwa amemwahidi baiskeli kwa jerikeni nzima ya dawa. Lomoro alikuwa amechoka kutembea kwa miguu kama mbuzi ya sokoni. Hata usingizini alisikia kengele ya ile baiskeli.

Siku alipofika Koboko juu ya lori na jerikeni yake, mwili ulikuwa unawaka, mifupa inauma, macho mekundu. Na ile sauti yake tamu, mtaji wake wote, ilikuwa inatoka kama ya jogoo aliyekabwa.

Sulaimani alimngoja mlangoni, baiskeli mkononi, kanzu nyeupe.

"Hii inazuia mafua kabisa?"

"Ka... kabisa, Haji."

"Wewe unakunywa?"

"Kila siku!" Mara ya kwanza katika maisha yake, Lomoro alisema kweli.

"Basi onja."

Lomoro akainua kijiko. Pilipili ikagusa pua. Chafya ikatoka kama bomu, Kinga ya Jeshi yote ikatua kifuani mwa Haji.

Lomoro akang'ang'ania usukani ya baiskeli. "Ni vumbi tu, Haji!"

"Vumbi? Na mvua hii?"

Sulaimani akamtoa vidole kimoja kimoja, akapiga kengele, akageuza baiskeli na kwenda zake.