Televisheni ya Karne Ijayo na Kioo cha Pijo

Jumanne, 8 Septemba 1998

Siku ya sita bila mke. Nimekula ugali na mlenda. Mlenda ulikuwa chumvi tupu. Mpishi ni mimi mwenyewe, wa kumlalamikia hayupo.

Niandike ukweli, maana daftari hili halina mdomo. Mwajabu aliondoka Jumatano iliyopita, na chanzo ni friji. Friji ilikuwa yake. Alikuwa akiuza juisi ya ubuyu hapa kibarazani na Ipagala nzima ilikuwa inakunywa. Mimi, Abdulswamadu, niliyepunguzwa kazini shirika letu lilipobinafsishwa, kazi yangu ilikuwa kuilinda friji. Akapita dalali wa mahindi kutoka Kibaigwa, ana televisheni ya inchi kumi na nne, isiyo na rangi, nyuma ya pikapu. Tukabadilishana. Nilidhani mke wangu atafurahi! Alirudi sokoni na furushi la ubuyu kichwani, akatazama palipokuwa na friji, akaitazama televisheni, akashusha furushi taratibu. Hakusema neno. Mke akikufokea, bado una ndoa. Akinyamaza, piga pasi kanzu, utaitwa kikaoni.

Nimeitwa. Baba mkwe, Mzee Mbaruku, amesema niende Jumapili baada ya alasiri tukae tuyazungumze. Sharti la Mwajabu ni moja tu: friji irudi, naye atarudi. Nimempigia simu dalali. Friji iko Morogoro, imeshauzwa, inapoza soda za watu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Leo maandazi yangu yamefungiwa ukurasa wa gazeti. Unasema hizi televisheni zetu zina mistari mia sita na ushei tu, ndiyo maana picha hazieleweki. Huko Japani wametengeneza yenye mistari zaidi ya elfu, na karne ijayo itaingia majumbani. Mtazamaji ataona kila jani la uwanjani na jasho kwenye paji la mchezaji. Halafu ikaandikwa: "Siri ya ung'avu huo ni..." Ukurasa ukaishia hapo. Nikarudi mbio kwa muuza maandazi. Akasema nusu ya pili amemfungia askari mmoja, tena ameshapanda basi la Singida.

Haidhuru. Nitaigundua siri mwenyewe.

Nina sababu. Mzee Mbaruku ujanani alikuwa golikipa wa timu ya reli. Anapenda mpira kuliko chakula. Ila mwaka wa pili huu hajauona mpira wenyewe. Anawaona wachezaji, kwa mbali, kama vivuli, lakini mpira hauoni. Anasema televisheni ya Jamaldini ni mbovu, ndizo bidhaa za soko huria hizi, watu wanakimbizana na hujui wanagombea nini. Jamaldini ni mwanyumba wangu, kamuoa Shamila, dada yake Mwajabu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, televisheni ya rangi ya inchi ishirini na moja, na dishi ambalo ng'ombe anaweza kunywea maji. Aliwahi kuthubutu kumwambia mzee kwamba labda ni macho. Mzee akamjibu kwamba macho hayo yalidaka penalti tatu siku moja. Tangu hapo nyumbani kwao neno macho halitajwi.

Mimi niko upande wa mzee. Televisheni ndiyo mbovu. Nikimwonyesha mpira, atanipa mke wangu bila friji.

Jumatano, 9 Septemba

Kizota, kwa Thomas fundi vioo. Nimemweleza kwamba nataka kioo kilichobinuka nje, nyuma yake kioo bapa, kati yake maji, nikiegeshe mbele ya televisheni picha ikue. Glasi ya maji hukuza kijiko, kwa nini isikuze golikipa? Thomas akanitazama sana. Akauliza kama nimekula.

Akanitolea kioo cha nyuma cha gari la Pijo lililokufa. Kimebinuka vizuri. Na tazama riziki: kina mistari! Mistari kumi na miwili ya kahawia, imelala upande kwa upande. Thomas akasema ni ya kupasha kioo joto kwenye nchi za baridi. Nikacheka kimoyomoyo. Fundi mzima, hajui hata thamani ya alichonacho. Mia sita na ushei za televisheni, jumlisha kumi na mbili. Tumeanza safari ya kwenda elfu!

Tatizo dogo. Kioo ni kipana kuliko televisheni mara tatu. Thomas anasema hakikatiki, kikiguswa kinasambaratika punje punje. Basi kikae hivyohivyo.

Alhamisi, 10 Septemba

Tumekibandika, mimi na Thomas, na kioo bapa nyuma yake. Mabomba hayatoi maji wiki ya pili, nikanunua madumu mawili ya maji ya kisima kwa mwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni akauliza kama nina msiba.

Jioni nikawasha. Allah! Picha imekua! Msoma habari amekuwa na mashavu kama maboga, na kila akiinamisha kichwa paji linafika dirishani. Chenga za picha nazo zimekua. Zamani zilikuwa kama unga, sasa ni kama mchele. Lakini karne ijayo lazima ianze mahali.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimeamka, kioo cheupe pe! Maji ya kisima ya Dodoma, nilisahau. Birika la Mwajabu lilikuwa na ganda la chumvi nene kama ukoko, na kila mwezi alikuwa akilikwangua kwa kisu huku mimi namuuliza kwa nini anapoteza muda. Sasa nakwangua mimi. Kumbe si kazi ndogo.

Baada ya sala ya Ijumaa Jamaldini akanidaka mlangoni pa msikiti. Akasema amesikia ninafuga samaki. Watu wakacheka. Nikamwambia asubiri Jumapili, aje na dishi lake alizike. Hasira zikanipanda, nikavaa ndala za mtu mwingine. Nimefika nazo nyumbani, zote za kushoto.

Jumamosi, 12 Septemba

Maji ya mvua hayana chumvi, ila mvua yenyewe hadi Desemba. Nimekaa jikoni nikifikiri, mara nikayaona madumu mawili ya mafuta ya alizeti. Mama mkwe aliyaleta kutoka kwao Kondoa, Mwajabu ayauze rejareja. Masafi. Yanapenyeza mwanga. Hayana chumvi hata chembe. Nikajiambia nayaazima tu, mafuta hayapungui kwa kutazamwa.

Nimejaza. Picha imetulia, laini! Ila watu wote wamekuwa wa manjano. Timu zote mbili zina jezi za manjano, refa wa manjano, nyasi za manjano. Kama wodi ya homa ya manjano imetoka mazoezini. Nimeamua kuiita televisheni ya rangi. Si uongo, rangi ipo.

Jumapili, 13 Septemba

Siku kubwa! Nimekodi mkokoteni, nikapakia televisheni, kioo, na mafuta yakiwa kwenye madumu yake. Nimepita mtaa mzima wa wakwe nikiwa nimevaa kanzu na kusukuma kioo cha gari. Nilijikaza nisitazame pembeni.

Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamwamkia mama mkwe kwa mbali kama heshima inavyotaka. Mama mkwe hakunitazama mimi, alitazama madumu. Akauambia ukuta kwamba yale madumu yanafanana na ya kwake. Ukuta haukujibu. Mimi pia sikujibu. Mwajabu alikaa kwenye mkeka, ushungi umefika puani. Amenuna hadi uzuri wake umeongezeka.

Nikamimina mafuta ndani ya kioo, nikawasha. Mechi ya marudio. Mzee akasogeza kiti, akakunja uso. Jamaldini akatabasamu. Dakika moja. Dakika tano. Nilianza kusoma kila dua ninayoijua, hata ya kulalia.

Ghafla mzee akasimama. "Ule! Ule! Mpira ule unapanda!" Akanyoosha mikono, akaufuata, akampigia golikipa kelele aruke. Machozi yalimtoka mzee wa watu. Mwaka wa pili huu, akasema, mwaka wa pili!

Nikatazama. Golikipa alikuwa amekaa chini anafunga kamba za viatu. Kilichokuwa kinapanda ni kiputo. Kiputo cha hewa ndani ya mafuta ya alizeti. Kikapanda polepole hadi juu, kikapasuka, na mzee akashangilia bao.

Jamaldini akajikohoza. Mwajabu alinitazama, kisha akamtazama baba yake, kisha akanitazama tena. Alijua. Nilitakiwa niseme. Niliona aibu, aibu ya kweli, ikanipanda usoni. Ikakaa kama dakika mbili hivi, halafu mzee akatoa hukumu: mwanamume anayemtafutia mzee wake mpira hawezi kuwa mume mbaya, Mwajabu atarudi kwake Ijumaa, na habari ya friji tuiache. Aibu ikashuka yenyewe.

Nimeshinda! Jamaldini ameondoka bila kumaliza kahawa.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimefagia nyumba yote. Nimefagia hata palipokuwa na friji.

Nasikia Jamaldini amempeleka mzee hospitali kupima macho. Nikashangaa amekubalije. Kumbe mwanyumba ana akili za ndani: amemwambia mzee kwamba televisheni yangu ni ya karne ijayo, na kwa kuwa ina mistari mingi, daktari lazima ampime na kumwidhinisha kwanza kabla hajaitazama tena. Mzee akavaa koti, akatangulia yeye kwenye gari. Nimejisikia fahari. Hata hospitali imeanza kuhusishwa na uvumbuzi wangu.

Alhamisi, 17 Septemba

Wamemfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho. Leo wamemfungua bandeji. Ninaambiwa alikaa kitandani akahesabu vigae vya ukutani, vyote, akamwita nesi akamwonyesha kimoja kilichopasuka.

Nafurahi kwa ajili yake. Nafurahi sana. Nimefurahi mpaka chakula hakipiti.

Ijumaa, 18 Septemba

Mzee amekuja. Ahadi ni deni, kamleta Mwajabu na begi lake. Nikamkaribisha kiti, nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku ananitazama kama mtu anayekutana nami mara ya kwanza. Akasema kumbe nina mvi. Akasema kumbe shati langu lina kifungo kimoja.

Halafu akaigeukia televisheni. Akainama. Akasoma chapa pembeni mwa kioo, akapitisha kidole kwenye ile mistari. Akaniuliza kwa upole kama hiki si kioo cha gari. Nikamwambia ni cha gari lakini. Hiyo "lakini" haikupata mwenzake.

Akaniomba nikiondoe. Nikakiondoa. Ikabaki televisheni yangu ya inchi kumi na nne, na chenga zake, na watoto wa shule wakicheza mpira kwenye kipindi cha jioni. Mzee akatazama. Akasema anauona mpira. Ni mdogo, akasema, na umechanika. Kisha akauliza siku ile ya Jumapili alishangilia nini. Nikatazama sakafu. Mwajabu ndiye aliyemjibu. Alimjibu taratibu, kama anamtoa mtu mwiba.

Mzee hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aligeuka tu akamtazama binti yake, aliyesimama mlangoni hajaliweka begi chini. Akamshika mikono, akaigeuza viganja juu. Imepasuka yote, kwa madumu, kwa magadi, kwa ubuyu wa miaka mingapi. Akamuuliza amekonda hivi tangu lini, na kwa nini hakumwambia baba yake. Mwajabu akasema, "Baba, kila nikija ulikuwa unaniuliza habari za mpira."

Mzee Mbaruku akafuta jicho lake jipya kwa ncha ya kanzu, daktari amemkataza lakini akafuta. Akalichukua begi yeye mwenyewe. Mlangoni akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba siku friji ikisimama pale pale ilipokuwa, nimtumie salamu. Kabla ya hapo nisisumbue watu na mkokoteni.

Mwajabu alinigeukia mara moja. Nilidhani atanitukana. Akaniambia mlenda usiutie chumvi mara mbili, magadi yenyewe yana chumvi. Wakaondoka. Nimelia kidogo. Naandika kidogo kwa sababu daftari lina ukurasa mmoja tu uliobaki.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimeamka mtu mpya. Nimetafakari hadi adhuhuri makosa yangu yote, moja moja, kwa uaminifu. Na nimegundua tulipokosea: kioo kilikuwa kidogo.

Thomas wa Kizota alinisaidia fikra bila kujua. Nilikwenda kumrudishia kioo cha Pijo, nikamsimulia. Ananiambia mjomba wake naye alifanyiwa upasuaji huohuo, na kwamba madaktari hawafanyi macho mawili kwa mpigo. Nikasimama. Nikamuuliza arudie. Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Jamaldini, nikamwamkia kwa adabu, nikamuuliza kijuujuu tu hali ya mzee. Akasema anaendelea vizuri. Wamefanya la kulia. La kushoto ni mpaka baada ya Ramadhani.

Miezi minne! Jicho moja bado lina mtoto wake, halijaguswa!

Nimemwagiza Thomas kioo cha mbele cha basi. Mzee nitamkalisha upande wa kulia wa sebule, aitazame televisheni kwa jicho la kushoto. Viputo nitaweka viwili, kama timu zinapopasha misuli.