Ziara ya Kikazi Iliyogeuka Posa

Leo nimepatikana. Tena si kidogo, jamani. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya wazee, akina mama, mbuzi, na dereva wa kazini aliyevaa suti.

Kwa wasionijua, mimi ndiye HR, msimamizi wa wafanyakazi, wa hoteli moja hapa Nanyuki. Tuna Wakikuyu, Wameru, Wamaasai, Waislamu wa mjini, Mturkana mmoja jikoni, na mkurugenzi Mzungu anayeitwa Lars. Mambo ya tamaduni kazini niulizeni mimi. Nimeendesha semina. Nina picha za projekta. Nina hata wimbo wa kuchangamsha watu kila Jumatatu asubuhi, wenye makofi na kuzunguka viti. Niliutunga mwenyewe.

Sasa tunafungua hoteli ya pili mjini Nyeri, na Lars alinipa kazi moja tu: nimpeleke Naserian akasimamie mapokezi huko. Naserian ni binti wa Kimaasai wa Doldol, na ndiye bora tuliye naye. Mgeni anakuja mezani kwake akifoka kwamba bafu halina maji ya moto, na baada ya dakika chache mgeni ndiye anayeomba msamaha. Lars aliniambia wazi: nikimpata Naserian, hoteli zote mbili zinakuwa chini yangu. Nikimkosa, analeta mtu wa Nairobi. Mtu wa Nairobi! Mimi niko hapa!

Nikamwita Naserian ofisini wiki iliyopita, nikamweleza. Akatazama chini, akachezea kalamu.

"Madam, baba amekataa."

HR mwingine angekata tamaa. Mimi nilifurahi, kusema kweli. Baba akikataa, huo ni utamaduni, na utamaduni ndio shamba langu.

"Lars, niachie mimi," nikamwambia. "Hapa si suala la mshahara. Hapa ni suala la kumheshimu mzee."

Nikamwendea askari wetu wa getini, kijana wa Kimaasai anayeitwa Lemayian, nikamuuliza mtu akienda kwa mzee wa kwao na jambo kubwa hubeba nini.

"Jambo gani, madam?"

"La ofisi. Ni siri." (HR ni siri. Nilifundishwa hivyo chuoni na nimelishika somo hilo kuliko mistari ya Biblia.)

"Lakini ni kubwa?"

"Kubwa kabisa, Lemayian."

Akaniangalia sana. "Basi kama ni kubwa kabisa, beba sukari, majani ya chai, tumbaku, blanketi ya mzee na shuka ya mama. Na usiende peke yako. Enda na kijana ya heshima."

Nikaona mambo ni yale yale. Hata kwetu Nyeri huwezi kubisha kwa mzee na mikono mitupu. Nikajipongeza kimoyomoyo kwa namna nilivyounganisha Nyeri na Doldol ndani ya kapu moja.

Basi leo Jumamosi, Naserian akiwa na ofu, siku yake ya mapumziko, na yuko kwao, nikatoka nyumbani kwangu Skuta, mtaa wa Nyeri, asubuhi na mapema. Yeye sikumwambia (siri, jamani). Dereva wetu Muriuki nilikuwa nimemwamuru aje na suti.

"Suti ya nini, madam? Si ni Doldol tu?"

"Muriuki, leo tunawakilisha kampuni."

Akaja na suti ya bluu, viatu vinang'aa, nywele amenyoa jana yake. Muriuki hajaoa. Hilo nililijua, liko kwenye faili yake. Sikuona linahusiana vipi na lolote.

Tulifika Doldol siku ya mnada imechangamka, mfanyabiashara mmoja wa mbuzi akatuelekeza mpaka bomani kwa akina Naserian. Naserian hakuwepo, alikuwa ameenda sokoni na binamu yake. Baba yake, Mzee Parsaloi, alikuwa ameketi nje na kaka yake. Mzee mrefu, mkimya, ana macho ya mtu anayejua ulichokula asubuhi. Nikatoa salamu kwa adabu. Muriuki akashusha vitu kutoka kwenye gari: sukari, majani, tumbaku, blanketi, shuka. Akavipanga mbele ya wazee kimoja kimoja, ameinama, suti inameta.

Wazee wakatazama vitu. Wakamtazama Muriuki. Wakatazamana.

(Nyinyi mmeshaona. Mimi sikuona.)

"Karibu," akasema mzee, na sauti yake ikawa laini ghafla. Akamwita mama Naserian. Mama akaja, akaona shuka, akashika mdomo. Akarudi ndani mbio, na punde nikasikia akina mama wengine wanaitana. Chai ikaja. Viti vikaja. Majirani nao wakaja. Nikamnong'oneza Muriuki, "Unaona? Ukimheshimu mtu, anakupokea." Muriuki akasema ndiyo madam, lakini alikuwa ameanza kutoa jasho.

Nikasimama. Nikatoa hotuba, na kuhutubia najua.

"Wazee wangu, akina mama, tumekuja kwa unyenyekevu. Tumemwona binti yenu Naserian. Tumempenda. Ana bidii, ana adabu, hakuna mwingine kama yeye. Tunaomba mtukubalie aje Nyeri. Tutamtunza."

"Ehe," wakaitikia wazee. Mama mmoja akapiga kigelegele. Nikaona hii semina inaenda vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mzee Parsaloi akamwelekezea Muriuki fimbo. "Huyu kijana ni mtu mzuri?"

Nikafikiri anauliza kama binti yake atasafiri salama. "Mzuri sana, mzee. Hanywi pombe, hana maneno, na hajawahi kugonga kitu."

"Ni mtu ya wapi?"

"Wa Othaya, huko huko Nyeri."

"Na mtoto yangu atakaa wapi?"

"Tumeshatafuta nyumba Skuta, karibu na kwangu. Nitamwona kila siku."

"Na wewe mama, huyu kijana ni nani yako?"

"Mimi ndiye ninayemsimamia, mzee. Niko kama mzazi wake."

Mzee akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Akainuka, akamwendea Muriuki, akamwekea mkono kichwani na kumtemea mate kidogo ya baraka. Muriuki amelelewa na nyanya yake na baraka ya mate anaijua, kwa hiyo akainamisha kichwa vizuri kabisa. Mimi nikajua tunaombewa safari njema. Akina mama wakaanza kuimba. Nikapiga makofi! Nikajaribu hata kufuata mdundo kwa mabega! Mungu anisamehe.

Wimbo ulipotulia, kaka wa mzee, ambaye alikuwa hajasema neno, akasafisha koo.

"Sawa. Sasa, ng'ombe. Nyinyi nataka kuleta ngapi?"

Nikatabasamu lile tabasamu langu la kueleza sera za kampuni. "Mzee, sisi hatuleti ng'ombe. Sisi tunaleta mshahara. Kila mwisho wa mwezi."

Wazee wakaweka vikombe chini. Hata mbuzi waligeuka kunitazama, naapa.

"Kila mwezi?" akauliza Mzee Parsaloi. "Unataka kulipia mtoto yangu kila mwezi, kama nyumba ya kukodi?"

"Na akifanya vizuri, baada ya miezi mitatu tunamthibitisha," nikaongeza. (Kwa nini niliongeza? Nani aliniuliza?)

"Na asipofanya vizuri?"

"Basi, mzee, tunaachana kwa amani."

Mama Naserian akakaa chini. Kaka wa mzee akaokota fimbo yake. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Muriuki nyuma yangu, ndogo, ya kuomba radhi.

"Madam, niko na swali. Hapa ni mimi naoa?"

Nikamgeukia Muriuki. Nikaona suti ya bluu. Nikaona blanketi begani kwa mzee, shuka mikononi mwa mama, wanawake wamejipanga kuimba. Kila kitu kikaingia kichwani kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nimekuja kuposa. Nimeposa vizuri, nimekubaliwa, na papo hapo nimemwambia baba mkwe kwamba bibi harusi atakuwa kwa majaribio.

Wakati huohuo bodaboda ikaingia bomani kwa kasi. Naserian akaruka kabla haijasimama vizuri, amevaa sweta na jinzi, anahema. Binamu yake alikuwa amepigiwa simu kuwa kuna watu wa Nyeri wamekuja kumposa. Akamwona Muriuki. Akaniona mimi, nimesimama katikati, mikono bado imekaa kama ya hotuba.

"Madam Wairimu? Ati umekuja kuniposea Muriuki?"

"Naserian, ni ile kazi! Nimekuja kumuomba baba akuruhusu!"

Akawaelezea wazee kwa Kimaa, lugha ya kwao. Nilifuata kwa nyuso tu. Kwanza uso wa mama ulifunguka, akaanza kucheka mpaka machozi. Kaka wa mzee akaweka fimbo chini. Kisha akina mama wote, wote, wakaangua kicheko, na mmoja akawa anaigiza yale mabega yangu. Muriuki naye alicheka. Muriuki! Mtu wangu!

Ingekuwa imeishia hapo ningesema sawa, aibu ya kawaida, tutasahau. Lakini Mzee Parsaloi hakucheka. Alikuwa anawaza.

"Huyu mama nasema amekuja kuniomba nikubali kazi," akasema, akimtazama binti yake. "Mimi nilikataa kazi gani?"

Vicheko vikakatika. Watu wote wakamgeukia Naserian. Mimi nikamgeukia wa mwisho, maana mimi nilikuwa na hakika naijua hii kesi yote.

"Baba hajakataa kitu," akasema Naserian. Alikuwa anaongea na mimi, na safari hii hakutazama chini. "Baba hata hajui. Ni mimi nilikataa, madam. Si unajua mtu hawezi kumwambia bosi hapana hivi hivi? Unasema baba amekataa, bosi anaelewa, maisha inaendelea. Sikujua utakuja kwa baba!"

"Lakini kwa nini? Ni cheo! Nyumba! Nyongeza!"

"Kwa sababu huko nitakuwa chini yako."

Nikamwambia aseme yote, kwa kuwa mimi ni mtu ninayependa maoni ya wafanyakazi. (Siyapendi. Leo nimejua.)

"Madam, nimesomea usimamizi wa hoteli. Lakini kila mgeni mkubwa akija unaniambia nivae shanga nisimame mlangoni. Kila semina unaniinua, 'Naserian, tuambie Wamaasai huonaje jambo hili.' Mimi nitajuaje Wamaasai wote wanaonaje? Nikichelewa ni utamaduni. Nikinyamaza ni utamaduni. Siku ile nilikuwa naumwa na jino, madam, ukawaambia watu kwetu wanawake huwa wapole."

Jino. Jamani, lilikuwa jino.

"Na ule wimbo wa Jumatatu," akasema Muriuki kwa upole, "hakuna mtu anaupenda, madam. Hata Lars hujificha choo."

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu Naserian hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyechoka. Mama yake alinisukumia kikombe kingine cha chai na mimi nikanywa, kwani nikae nikiwaangalia?

Kisha nikamuuliza kitu ambacho sikumuuliza siku ile ofisini. "Naserian, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nyeri naitaka. Naitaka sana. Lakini Nyeri isiwe chini yako. Nizungumze na Lars moja kwa moja. Na shanga nitavaa nikitaka."

Mmeelewa hesabu hiyo? Nikimpata Naserian, sipati hoteli mbili. Nikimwacha, mtu wa Nairobi anakuja. Mimi ni Mnyeri, hesabu ya hasara naielewa hata usingizini, na hii haikuwa na upande wa faida kwangu. Lakini alikuwa amesimama pale mbele ya baba yake, ameshika mikono nyuma, anangoja kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, na nikajua kabisa kwamba hakuna mtu mwingine anayeistahili ile meza ya Nyeri.

Nikapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao, nikampigia Lars. Nikamwambia yote. Nikamwambia sharti. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa namzuia, wala si baba yake. Lars ni mtu wa maneno machache.

"Sawa. Mpe," akasema kwa Kiswahili chake cha maneno ya kuhesabika. "Wairimu, hii ndiyo kazi ya kwanza ya HR umefanya mwaka huu."

Nimeshuka kwenye jiwe, nimewaambia, na kigelegele kilichopigwa hapo kilizidi kile cha posa. Mzee Parsaloi amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Blanketi hakurudisha, na Muriuki, njia nzima ya kurudi, ameniuliza mara kwa mara kama nilisikia ni ng'ombe wangapi hasa walikuwa wanataka.

Kwa hivyo chukueni hili bure, halina ada ya semina: mfanyakazi akikuambia baba yake amekataa, usibebe sukari, rudi ofisini ujiangalie kwenye kioo. Na ninyi wa kazini mnaosoma hapa mkicheka, chekeni tu, lakini mkumbuke fomu za likizo bado zinapitia kwangu.