Meli Isiyo na Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Watoto wametuzawadia safari ya meli, siku tisa, kwa miaka arobaini ya ndoa. Sisi kazi yetu kuchagua meli tu. Rahisi! Nilikuwa mkuu wa stesheni ya treni miaka thelathini na moja, nani wa kunifundisha usafiri? Papo hapo nikachagua ile kubwa: bandari tisa kwa siku tisa, kung'oa nanga kila siku saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Niliisoma ratiba ile mara tatu, raha tupu.

Wakala wa safari, binti mmoja mpole, akasema hapana babu (babu!), kila mmoja ajaze fomu yake kwa siri, maana watu wazima huoneana haya. Mama watoto akajaza nusu saa nzima, ameziba karatasi kwa mkono kama mwanafunzi kwenye mtihani. Ananificha mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kwa wakala peke yangu. Nikasema jana nilisahau miwani. Alipokwenda kuitafuta chumba cha nyuma, nikaitoa mfukoni, nikafungua jalada letu.

Mama watoto kachagua kimeli kidogo, bandari tatu tu, mwendo wa konokono, hakuna hata matangazo ya kipaza sauti. Swali la saba: unahitaji kupumzika kutokana na nini? Jibu: mume wangu. Swali la nane: ungependa kusafiri na nani? Jibu: dada yangu.

Shemeji! Yule anayelala hadi saa nne! Na mimi nimekosa nini? Tangu nistaafu nimeinyoosha nyumba hii: ratiba ya chai ukutani, filimbi ya chakula cha mchana, daftari la wachelewaji. (Mama watoto ndiye anayeongoza.) Kweli shukrani ya punda mateke.

Jumatano, 5 Machi

Sikubali kushindwa. Nimepata fomu tupu, nimeijaza kwa mwandiko wa mama watoto. Meli: ile kubwa. Kusafiri na: mume wangu mpenzi, bila yeye nitapotea. Nikaongeza na vijimambo vidogo vidogo ili isadikike. Nikaibadilisha pale ofisini wakala akiwa kwenye simu. Kazi safi! Kumbe nina kipaji.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Wakala katuita wote wawili kuthibitisha. Mama watoto akaisoma fomu "yake" kimya, kisha akanisomea kwa sauti: "Napenda kuamshwa saa kumi na moja na dakika kumi na saba." Akaniuliza ni nani mwingine chini ya jua anayeamka na dakika kumi na saba. Nikasema labda ni makosa ya ofisi. Wakala akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Mama watoto hakucheka. Akasema amekuwa mkunga miaka yote, amekesha na wazazi na vichanga, na hakuna aliyewahi kumchosha kama mimi tangu nistaafu. Machozi yakamtoka. Nilishtuka! Nilidhani anafurahia. Roho iliniuma sana, sitaficha kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Nikamwomba radhi palepale, nikamsihi asiniache nyumbani. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga (dakika nne). Halafu akasema haya, twende wote, lakini kwa meli yake, na saa, filimbi na daftari vibaki. Nikaapa mbele ya wakala.

Jumapili, 23 Machi, melini

Tumechelewa kuondoka! Dakika ngapi sijui, sina saa! Kwa kukisia, nane. Hakuna aliyeomba radhi. Abiria wamejilaza wanacheka tu. Mama watoto kasinzia kitini, miguu juu. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Nikaenda kwa nahodha kumweleza kwa adabu.

Sikuamini! Nahodha ananijua tayari. Anasema mke wangu alimtembelea mapema, akamweleza habari zangu zote. Kumbe meli nzima haina mtaalamu wa ratiba! Nimepewa kiofisi sitaha ya chini, mwisho kabisa wa meli, chenye kiti na saa ya ukutani. Nitaandika kila mlango wa ghala unafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi, kuanzia kifungua kinywa hadi chakula cha jioni, siku zote tisa. Nilipompa mama watoto habari hizi alinikumbatia kwa nguvu, akasema heshima kama hiyo haikataliwi. Sikumbuki mara ya mwisho alinikumbatia hivyo.

Namwonea huruma tu, maskini, atashinda peke yake. Nimemwandalia utaratibu. Kulala chali: saa tatu kamili hadi saa tatu na dakika ishirini na tano. Kutazama maji: dakika kumi na tano. Kugeukia upande wa pili: dakika moja.

Nimeanza kumsomea, kumbe keshalala tena. Itabidi nimwamshe.