Nyasi ya Baba na Makali ya Bichage

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimemnyamazisha Clifford mbele ya kundi zima la WhatsApp. Wengi wao hawajawahi kuandika neno humo ndani, lakini wanasoma. Najua wanasoma. Naona zile alama za bluu.

Ilianza asubuhi. Clifford, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Homa Bay na profesa wa kujipachika wa visu vya kijeshi, alituma picha ya kisu chake kipya cha Kiaustria. Kile ambacho kikingio cha mkono kimepindwa makusudi ili kifungue soda. Akaandika kwamba kuanzia Homa Bay mpaka Migori hakuna mkusanyo unaofikia wake. Ati hakuna! Na mimi niko hapa Oyugis, nina beneti ya Kirusi ambayo ukiiunganisha na ala yake inakata waya kama mkasi. Nikamjibu kwa heshima kwamba soda hata meno yanafungua.

Tulirushiana hivyo mpaka chakula kikapoa. Mwishowe akasema tupambanishe. Jumamosi, nyuma ya duka lake, kila mtu na makali matatu mezani, jaji mmoja. Mshindi anachukua dau la mwenzake. Yeye ameweka kile cha Kiaustria. Akaniuliza mimi naweka nini. Vidole vyangu vikaandika vyenyewe: beneti ya baba.

Alama za bluu zikawaka zote.

Jumanne, 4 Machi

Sina raha. Beneti ya baba si kitu cha kuchezea dau. Marehemu alirudi nayo alipostaafu jeshi. Alirudi nayo vipi, katika familia yetu hatuulizi. Ncha imepinda kidogo kwa sababu aliwahi kufungulia nayo kopo la mafuta ya kupikia. Kila tulipochinja, nyama ya kwanza ilikatwa na yeye, kwa beneti hiyo. Na mwisho wa mwezi huu tunamfanyia nyasi, ile sherehe yetu sisi Wajaluo ya kumkumbuka marehemu. Kaka zangu wanakuja kutoka Karungu. Wataulizia beneti kabla ya kuulizia afya yangu. Nikisema iko kwa Clifford inapasua mifuko ya simenti, watanizika kando ya mzee.

Tena mwenyewe nampenda mzee. Nikiishika ile beneti nasikia bado harufu ya mkono wake, tumbaku na sabuni ya kipande. Niliiandikia nini pale, mimi?

Dolphine, mke wangu, hajui lolote, na asijue. Ni mwalimu. Alishafukuza sanduku langu la visu kutoka chini ya kitanda. Sasa linakaa kule karibu na lango, katika simba ya kijana wetu Chrispine, ile nyumba ndogo anayojengewa mvulana kabla hajaoa. Chrispine mwenyewe yuko chuoni. Baba halali katika simba ya mwanawe, mila imekataza, lakini visu havikutajwa.

Hata hivyo mpango ninao. Makali mawili ya kuleta mezani ninayo: ile ya Kirusi, na ile M9 ya Kiamerika, ambayo ni halisi kabisa ingawa maandishi ya ubapani yana herufi moja zaidi. La tatu lingekuwa la baba, sasa limekuwa dau. Kwa hiyo natafuta la tatu. Kesho nampigia Bichage.

Jumatano, 5 Machi

Bichage ni mfanyabiashara wa Isebania, kule mpakani. Hakuna kitu asichoweza kupata. Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo sisi huongea Kiswahili.

Nilimpigia nikiwa nyuma ya choo, Dolphine asinisikie. Nikanong'ona. Nikamwambia nataka makali ya jeshi, yale ya kazi hasa, yafike kabla ya Jumamosi, la sivyo nyasi ya baba itaniaibisha mbele ya ukoo mzima. Akaniuliza kama nyasi yenyewe ni ndefu. Nikamwambia siku mbili nzima. Nikaongeza kwamba ng'ombe tumeshapata. Akasema ng'ombe ni wazo zuri, ila mmoja peke yake hawezi kuimaliza. Nikaona huyu mtu anawajua watu wetu wanavyokula! Nikamwambia ndiyo maana nataka makali.

Akasema analo moja zuri alilolipata kwa mtu wa jeshi, na litapanda gari la asubuhi. Mtu makini sana. Wafanyabiashara wengine hawaulizi chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Mzigo umefika! Mrefu, umefungwa kwa gunia, umekazwa kwa kamba ya katani. Nilidhani ni upanga wa maafisa. Niliubeba kifuani kama mtoto mchanga, nikaingia nao kwenye simba, nikafunga mlango, nikakata kamba kwa ile ya Kirusi.

Slasha.

Fyekeo. La kufyekea nyasi. Lenye mpini wa mti na ncha iliyopinda. Kwenye mpini kuna namba imepakwa kwa rangi nyeupe, basi.

Ujumbe wa Bichage nao ukaingia. Alinipa pole kwa kumpoteza mzee, ila akasema kwa uungwana kwamba si vizuri kuacha boma la marehemu liote nyasi mpaka ukoo ulalamike. Akanihakikishia kwamba hii inamaliza kila kitu, na ng'ombe asaidie pembeni.

Nilikaa juu ya sanduku. Nyasi. Mimi yangu ya Kijaluo, yeye yake ya Kiswahili. Yawa! Nimempigia tena na tena. Hapatikani. Amevuka upande wa Tanzania.

Jumamosi ni keshokutwa. Nimeiona beneti ya baba sandukuni, nikafunga haraka. Sikuweza kuitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na akili mpya. Mtu asiyejua kitu anadanganywa kwa rangi. Rangi ya kijani ilibaki tulipopaka lango. Nikaikoroga na masizi kidogo, nikaipaka slasha yote, chuma na mpini, nikiacha ile namba kwa sababu inapendeza. Nikaipa jina: Makali Maalumu ya Msituni. Kwa mbali, jua likiwa machoni, ukifinya macho, inatisha.

Dolphine akanikuta nikipuliza ikauke. Nilingoja kelele. Hakuna. Alifurahi! Akasema tangu anioe, maana yeye husema ndiye aliyenioa, hii ndiyo mara ya kwanza naleta nyumbani chuma chenye maana. Na kwa kuwa wageni wa nyasi wanakuja, akasema nianze langoni.

Nimefyeka. Kutoka langoni mpaka nyuma ya jikoni, yeye amesimama na kikombe cha chai akinionyesha nilikoruka. Rangi yote imebanduka. Mikono ina malengelenge. Lazima niseme, hapa tu, kwamba hiyo slasha inakata ajabu. Sitalisema hilo mbele ya watu.

Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi, beneti ya mzee iko wapi, anataka kuipaka mafuta kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia inapumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike.

Homa Bay kulikuwa na upepo. Clifford alikuwa ametandika meza kitambaa cheupe, kila kisu chake na kibandiko kilichochapwa kwa kompyuta. Beneti ya Kiingereza yenye mpini wenye tundu, ile inayovaliwa mdomoni mwa bunduki. Kisu cha Kijerumani. Kisu cha Kifini. Pembeni, kwenye stuli, madau mawili: kile cha Kiaustria na beneti ya baba. Ilikuwa imelala pale na ncha yake iliyopinda, kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai. Iliniuma.

Jaji alikuwa Boaz Machuki, koplo mstaafu, Mkuria anayeishi Migori mjini. Tulimkubali sote kwa sababu hana undugu na yeyote kati yetu.

Nikapanga ya kwangu. Ya Kirusi. M9. Slasha. Clifford alicheka mpaka akashika rundo la mabati asianguke. Akaniuliza kama nimeleta na jembe. Akaita mafundi wake waje waone. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba hayo ni Makali Maalumu ya Msituni. Mafundi nao wakashika mabati.

Koplo hakucheka. Alianza na ya Kirusi, akakata waya, akatikisa kichwa kwamba ni nzuri. Akasoma maandishi ya M9, akazihesabu herufi kwa kidole, akairudisha. Akashika ile ya Kiingereza, akaisifu makali, Clifford akaanza kutabasamu. Kisha koplo akasema kwamba katika utumishi wake wote hajamchoma mtu kwa beneti, wala hamjui aliyechoma. Zilikuwa za gwaride. Unaing'arisha, unaivaa, unairudisha stoo.

Akafika kwenye slasha. Akasimama.

Ilikuwa bado na ukijani wa jana na majani yamegandia kwenye ncha. Akainama akainusa. Akaisoma ile namba ya mpini. Akaomba ruhusa aishike, akasogea pembeni, akaipeperusha mara moja tu hewani, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Alipogeuka, macho yalikuwa yamelowa.

"Hii ndiyo niliyoitumikia," akasema. "Kifungo hakijafungwa, slasha. Umechelewa foleni, slasha. Umemjibu afande, slasha mpaka jioni. Kambi yote niliifyeka mimi. Hapa mezani, kitu cha jeshi ni hiki kimoja."

Clifford akabisha kwamba slasha si silaha. Koplo akamuuliza yeye alitumikia kikosi gani. Clifford akaangalia mabati.

Nimeshinda! Mimi! Kwa slasha! Nikaikimbilia beneti ya baba nikaibusu mbele ya mafundi wote, na sioni haya. Kisu cha Kiaustria nimekichukua pia, na soda nimeifungua nacho hapohapo, ya Clifford. Koplo aliniomba abaki na slasha. Ningemnyimaje? Nimempa. Aliondoka nayo begani, amenyooka kama kijana.

Nimeapa njiani kote. Beneti ya baba haitawekwa dau tena. Kamwe.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekuwa mnyenyekevu muda wa wimbo mzima.

Kisha mambo yakatoka. Mke wa Clifford ana dada katika kwaya yetu. Dolphine alinisubiri tufike nyumbani, akavua viatu, akaketi. Hakupandisha sauti. "Baba Chrispine, mzee alikuachia wewe hii beneti akawaacha kaka zako. Alidhani wewe ndiye hutaipoteza."

Hilo lilinikata kuliko kisu chochote nilicho nacho. Nililia kidogo. Nikamwapia kwa jina la Mungu. Akaipaka beneti mafuta yeye mwenyewe, polepole, akaifunga kwa kitambaa, akanirudishia mkononi. Naamini amenisamehe.

Halafu akauliza slasha iko wapi, upande wa zizi bado haujafyekwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari sana, na kuna funzo kubwa nimepata. Nina kipaji!

Wengine wangeona bahati. Lakini nani aliyeileta slasha mezani? Nani aliyekataa kupaka rangi juu ya ile namba? Clifford mwenyewe anajua. Leo asubuhi ameandika kwenye kundi akitaka marudiano, Jumamosi kabla ya nyasi, jaji yuleyule. Ameweka ile ya Kiingereza! Ile ya tundu! Akaniuliza naweka nini, au naogopa. Naogopa? Mimi? Mbele ya kundi?

Alama za bluu zimewaka. Dolphine yuko shuleni. Beneti ya baba itarudi kabla hajajua ilitoka.

Kosa la mara ya kwanza lilikuwa kunong'ona na kuchanganya lugha. Kwa hiyo leo nimempigia Bichage kwa sauti kubwa, Kiswahili kilichonyooka, na neno nyasi sikulitaja hata mara moja. Nimemweleza wazi kwamba nina simba hapa nyumbani, karibu na lango, na visu vyangu vyote viko ndani ya simba. Akauliza, vyote? Nikasema vyote, na bado havitoshi, nataka kitu kimoja kikali cha jeshi, kinachofaa simba. Akaniuliza kama ni kubwa. Nikamwambia kubwa, inatosha kitanda na meza. Akaniuliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia yeye ndiye huisafisha kila asubuhi, ndani na nje.

Sasa huyo ndiye mfanyabiashara! Ameniomba nifunge milango na mtu yeyote asitoke nje mpaka afike. Anakuja mwenyewe, na gari, na wanaume wenye nguvu. Nadhani safari hii ni kitu kizito.